"Maziwa Yangu Hayatoshi": Neno Hili Lilitoka Wapi?

Leo tutazungumza juu ya sentensi moja fupi ambayo husikika kwenye benchi la kliniki karibu kila siku: "Maziwa yangu hayatoshi."

Pengine wewe mwenyewe umewahi kuisema. Mtoto ana wiki tatu. Jioni analia hata baada ya kunyonya. Matiti yaliyokuwa magumu wiki ya kwanza sasa yamelainika. Jirani anakuja, anamtazama mtoto, anasema, "Huyu ana njaa, mpe maziwa ya ng'ombe kidogo." Unampa. Analala fofofo. Kesho unampa tena. Baada ya wiki mbili, maziwa yako yamepungua kweli, na wewe unasema, "Nilijua tu hayatoshi."

Mama, ukweli ni kwamba mara nyingi maziwa yalikuwa yanatosha mpaka siku ile chupa ilipoingia. Na wewe si wa kulaumiwa. Hofu hii ya maziwa kutotosha imepandwa na kupaliliwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na watu wengi, katika nchi nyingi, ikiwemo Kenya yetu. Leo nitakueleza historia hiyo. Kisha nitakueleza la kufanya ili maziwa yaongezeke.

Tuanzie zizini

Watu wa Trans Nzoia wanajua ng'ombe. Usikasirike nikikufananisha naye kwa dakika chache, kwa maana mwili wa mama na wa ng'ombe hutengeneza maziwa kwa kanuni ile ile.

Kanuni ya kwanza: maziwa yanayotolewa ndiyo yanayotengenezwa. Ng'ombe wa gredi ukimkamua mara mbili na kumkausha vizuri, anaendelea kutoa. Ukianza kumkamua nusunusu, anaanza kukauka. Miaka ya 1980, wanasayansi wa taasisi ya Hannah, mjini Ayr kule Scotland, walifanya jaribio na mbuzi wa maziwa. Upande mmoja wa kiwele waliukamua mara tatu kwa siku, upande wa pili mara mbili tu. Mbuzi ni yule yule, chakula ni kile kile. Upande uliokamuliwa mara tatu ukaongeza maziwa, ule mwingine haukuongeza. Maana yake ni hii: maziwa yakibaki ndani, titi hupata ujumbe kwamba yametosha, lipunguze kazi. Yakitolewa, titi hupata ujumbe kwamba yanahitajika mengine. Na kila titi husikia ujumbe wake lenyewe.

Kanuni ya pili: maziwa yakishatengenezwa, lazima yateremke. Ng'ombe wa kienyeji mara nyingi hateremshi mpaka ndama amsogelee. Mama naye ni hivyo hivyo. Mwaka 1948 huko Marekani, daktari Michael Newton na mkewe Niles, aliyekuwa akinyonyesha, walilichunguza jambo hili kwa mwili wa mama mwenyewe. Alipokuwa ametulia, mtoto alipata maziwa mengi. Alipotiwa miguu katika maji ya barafu au kusumbuliwa kwa maswali ya hesabu, mtoto alipata machache. Alipodungwa homoni inayoteremsha maziwa, yalikuja tena ingawa bado alikuwa anasumbuliwa. Kwa hiyo maziwa hayakuwa yamekwisha. Yalikuwa yamezuiliwa na maumivu na wasiwasi.

Shika kanuni hizi mbili. Karibu kila kitu kilichowapunguzia mama zetu maziwa katika historia kilifanya moja kati ya mambo mawili: kilimzuia mtoto asinyonye mara nyingi, au kilimtia mama wasiwasi.

Zamani, mtoto alikuwa karibu

Katika jamii zetu za zamani mtoto alibebwa mgongoni mchana na kulala ubavuni mwa mama usiku. Alinyonya alipotaka. Hapakuwa na saa. Kunyonyesha miaka miwili au zaidi lilikuwa jambo la kawaida, na kulisaidia kuachanisha watoto.

Hatusemi kwamba kila desturi ya zamani ilikuwa njema. Katika jamii nyingi, maziwa ya kwanza ya manjano, yaani dang'a, yalimwagwa kwa kudhaniwa ni machafu. Watoto walipewa maji au dawa za miti kabla ya ziwa. Leo tunajua dang'a ni kinga ya kwanza ya mtoto, na maji hayo yalikuwa njia ya kuharisha. Lakini juu ya wingi wa maziwa, bibi zetu walikuwa na siri moja kubwa: mtoto hakuwa mbali na titi.

Saa na kopo vinaingia

Mwaka 1867 huko Uswisi, mwanakemia Henri Nestlé alianza kuuza unga wa maziwa na nafaka kwa ajili ya watoto. Ulaya ya wakati huo ilikuwa na mama wengi wanaofanya kazi viwandani, na watoto wengi waliokufa kwa kuharisha. Mwaka 1894 daktari Léon Dufour alifungua kituo katika mji wa Fécamp, Ufaransa, kilichoitwa Tone la Maziwa. Pale, maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa yaligawiwa kwa watoto ambao hawakupata ya mama, na mama walishauriwa jinsi ya kulea. Nia ilikuwa njema.

Kisha ikaja saa. Daktari Truby King wa New Zealand, ambaye chama chake cha kulea watoto kilianza mwaka 1907, alifundisha kwamba mtoto anyonye kila baada ya saa nne, na usiku asinyonyeshwe. Mafundisho hayo yalienea katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Wauguzi walifundishwa kwamba mtoto anayenyonya ovyo anadekezwa. Sasa kumbuka kanuni ya kwanza. Mtoto mchanga anayenyonya kila saa nne na kuachwa usiku kucha hunyonya mara tano tu kwa siku, naye anahitaji mara nane hadi kumi na mbili. Mama wengi waliofuata saa waliishiwa maziwa, wakaambiwa miili yao ni dhaifu. Kopo likawa tayari kuwasaidia.

Katika Kongo ya Wabelgiji, mambo yalikwenda mbali zaidi. Chama cha kuwalinda watoto Waafrika kilianzishwa mwaka 1912, na vituo vya Tone la Maziwa vikafuata. Huko Katanga, nchi ya migodi na ya Kiswahili, waajiri na maofisa walikuwa na shida yao: walitaka wafanyakazi wengi. Waliona kwamba mama anayenyonyesha miaka miwili au mitatu huchelewa kubeba mimba nyingine. Kwa hiyo wakahimiza mtoto aachishwe mapema na apewe maziwa na uji wa kampuni. Hawakusema kwamba wanataka vibarua wa kesho. Walisema wanamfundisha mama Mwafrika kulea. Mama aliyekuwa akinyonyesha vizuri alianza kusikia kwamba njia yake ni ya kishamba.

Wale waliopiga kelele

Si wataalamu wote walionyamaza. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alifanya kazi katika Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Yeye ndiye aliyeuandikia ulimwengu wa madaktari juu ya ugonjwa wa kwashakoo miaka ya 1930, akitumia jina lililotoka kwa wenyeji, ugonjwa unaompata mtoto anapozaliwa mdogo wake. Mwaka 1939, akiwa Singapore, alisimama mbele ya Klabu ya Rotary na kutoa hotuba aliyoiita "Maziwa na Mauaji". Alisema kuwashawishi mama waache kunyonyesha kwa kuwauzia maziwa yasiyofaa kunaua watoto, na wanaofanya hivyo wanastahili kuitwa wauaji.

Hapa jirani kwetu, Uganda, daktari Hebe Welbourn alikuwa akihudumu katika kliniki za watoto za Kampala na vitongoji vyake miaka ya 1950. Mwaka 1958 aliandika makala juu ya kulisha kwa chupa, akaliita tatizo la ustaarabu wa kisasa. Katika hospitali ya Mulago, profesa Derrick Jelliffe naye aliona watoto wa chupa wakikonda na kuharisha. Baadaye akaupa ugonjwa huo jina linalosema wazi kwamba ni utapiamlo ulioletwa na biashara.

Kwa nini chupa iliua? Si lazima kopo liwe na sumu. Kopo ni ghali, basi mama anapima kijiko kimoja mahali pa vitatu ili lifike mwisho wa mwezi. Maji yanatoka mtoni. Chuchu ya chupa ina mikunjo ambayo haisafishiki bila maji ya moto na sabuni. Mtoto anaharisha, anakonda. Mama anataka kurudi kwenye titi, lakini titi limekwisha pata ujumbe kwamba halihitajiki.

Kenya katika filamu

Miaka ya 1970 makampuni yaliongeza bidii Afrika. Yalitumia mabango, makopo ya bure, na wanawake waliovaa sare nyeupe kama wauguzi, wakitembelea wadi za wazazi. Hata redio, chombo hiki tunachokipenda, ilitumiwa katika nchi kadhaa za Afrika kuimba sifa za maziwa ya kopo.

Mwaka 1974, shirika la War on Want la Uingereza lilitoa kijitabu cha mwandishi Mike Muller kilichoitwa "Muuaji wa Watoto". Kikundi kimoja cha Uswisi kilikitafsiri na kukipa jina kali zaidi, kwamba Nestlé inaua watoto. Kampuni ikawashtaki mjini Bern. Mwaka 1976 hakimu aliwatoza washtakiwa faranga 300 kila mmoja kwa sababu ya jina hilo, lakini akaiambia kampuni kwamba inapaswa kubadilisha jinsi inavyotangaza bidhaa zake.

Wakati kesi ile ikiendelea, mwaka 1975, Mjerumani Peter Krieg alitoa filamu juu ya watoto wa chupa. Filamu hiyo ilipigwa hapa Kenya. Ilionyeshwa katika makanisa na mashule ya Marekani, na watu waliowaona mama wa Kenya wakikoroga maziwa kwa maji machafu walikasirika. Tarehe 4 Julai 1977, katika mji wa Minneapolis, ulianza mgomo wa kutonunua bidhaa za Nestlé. Mgomo huo ukaenea nchi nyingi.

Mwezi wa Mei 1981, mkutano wa Shirika la Afya Duniani mjini Geneva ulipitisha kanuni za kimataifa za kudhibiti uuzaji wa maziwa ya kopo. Nchi 118 zilikubali. Tatu hazikupiga kura upande wowote. Moja tu ilikataa, nayo ni Marekani.

Chuchu tatu za Nairobi

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu zaidi. Mwaka 1982 ulifanywa utafiti wa jinsi mama wa Nairobi wanavyolisha watoto. Mmoja wa watafiti alikuwa daktari Michael Latham. Alizaliwa Kilosa, Tanganyika, mwaka 1928, akafanya kazi ya udaktari Tanzania hadi mwaka 1964, kisha akawa profesa wa lishe Marekani.

Waligundua nini? Mama wa Nairobi hawakuwa wameacha kunyonyesha. Karibu wote walianza, na wengi waliendelea muda mrefu. Lakini chupa iliingia mapema sana, wiki za kwanza kabisa, pamoja na titi. Watafiti wakauita mtindo huo kulisha kwa chuchu tatu: mbili za mama na ya tatu ya chupa. Na sababu iliyotajwa na mama wengi ilikuwa ile ile: maziwa hayatoshi.

Unaona mzunguko huo? Hofu inaleta chupa. Chupa inamshibisha mtoto, naye ananyonya kidogo. Akinyonya kidogo, maziwa yanapungua. Yakipungua, hofu inathibitishwa. Wakati huo hata hospitali zilisaidia kuufunga mzunguko: mtoto alitengwa na mama baada ya kuzaliwa, akapewa maji ya glukosi na chupa kabla hajaonja titi.

Kenya ilichukua hatua. Mwaka 1983 Wizara ya Afya ilitoa maagizo kwa hospitali: mtoto akae na mama yake, anyonye mapema, na maziwa ya kopo yasigawiwe ovyo. Mwaka huo huo yakatoka masharti ya kitaifa ya uuzaji wa maziwa ya kopo. Mwaka 1991 ulianza mpango wa dunia nzima wa hospitali rafiki kwa mtoto. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani likaweka wazi kwamba mtoto anahitaji maziwa ya mama pekee kwa miezi sita kamili, bila hata maji. Mwaka 2007 sheria ya ajira ya Kenya iliongeza likizo ya uzazi ikawa miezi mitatu. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria inayokataza kutangaza maziwa ya kopo ya watoto na kuwagawia mama sampuli za bure. Na sheria ya afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa.

Je, kulikuwa na faida? Tazama hesabu hizi za utafiti wa kitaifa. Mwaka 2003, kati ya watoto 100 wa chini ya miezi sita nchini Kenya, 13 tu walikuwa wakipata maziwa ya mama pekee. Mwaka 2008-09 walikuwa 32. Mwaka 2014 walifika 61. Mwaka 2022 walikuwa 60.

Mama, fikiri juu ya hesabu hiyo. Kati ya 2003 na 2014 matiti ya wanawake wa Kenya hayakubadilika. Kilichobadilika ni walichoambiwa, na jinsi walivyosaidiwa. Kama maziwa ya wanawake wengi yangekuwa hayatoshi kwa maumbile, hesabu isingepanda hivyo katika miaka kumi na moja.

Hatujamaliza safari. Arobaini kati ya mia bado wanapewa kitu kingine. Na tangazo halipiti tena mlangoni na sare nyeupe. Siku hizi linaingia kwa simu yako, likijifanya ushauri wa rafiki.

Kwa mama anayeishi na virusi vya UKIMWI

Dada, najua ulikuwa unajiuliza. Miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzo wa 2000, mama wengi wenye virusi waliambiwa watumie kopo, na hofu ile iliwafikia hata wasio na virusi. Lakini utafiti uliofanywa Durban na kutolewa mwaka 1999 ulionyesha kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto waliochanganyiwa titi na vitu vingine kuliko wale walionyonya pekee. Kuanzia mwaka 2010, ushauri wa Shirika la Afya Duniani umejengwa juu ya dawa za kupunguza makali ya virusi. Leo, mama anayemeza dawa zake kila siku bila kuruka, na mtoto akipewa dawa yake ya kinga kama kliniki inavyoagiza, anaweza kunyonyesha. Miezi sita ya kwanza usichanganye, na usiache dawa.

Sasa, ya kufanya

Kwanza, jua kama maziwa yanatosha kweli. Usipime kwa kilio wala kwa ulaini wa titi. Watoto wengi hulia jioni, na titi hulainika baada ya wiki chache kwa sababu limejifunza kutengeneza kiasi kinachohitajika. Siku ya kwanza, tumbo la mtoto linatosha karibu kijiko kimoja cha chai, kwa hiyo dang'a kidogo ni tele. Pima kwa mambo mawili. Kuanzia siku ya tano hivi, mtoto akojoe mara sita au zaidi kwa siku, mkojo usio na rangi kali. Na uzito: atapungua kidogo siku za kwanza, arudi uzito wa kuzaliwa kufikia wiki mbili hivi, kisha apande. Mpeleke kliniki apimwe, uone mstari katika kijitabu chake.

Pili, ukiona kweli yamepungua, yaongeze hivi.

Mnyonyeshe mara nyingi, nane hadi kumi na mbili kwa mchana na usiku. Usiruke usiku, maana homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Mtoto mwenye usingizi mwingi mwamshe.

Mshike vizuri. Tumbo lake liguse lako, mdomo upanuke, achukue chuchu pamoja na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka. Kidevu kiguse titi. Ukisikia maumivu, mtoe polepole kwa kidole na uanze tena. Mtoto anayeshika ncha tu ya chuchu anakuumiza, na maziwa yanabaki ndani.

Mwache amalize titi moja, kisha mpe la pili. Baada ya kunyonya, kamua kwa mkono dakika chache, umpe kwa kijiko au kikombe kisafi. Haba na haba hujaza kibaba.

Kaeni ngozi kwa ngozi, mtoto akiwa kifuani pako bila nguo katikati, mmejifunika shuka. Acha chupa na nyonyo ya mpira.

Kama mtoto tayari anapewa maziwa mengine, usiyakate ghafla. Yapunguze kidogo kidogo huku akinyonya zaidi na kupimwa uzito. Muuguzi anaweza kukuonyesha jinsi ya kudondosha maziwa juu ya titi ili mtoto aendelee kunyonya huku akishiba. Hata mama ambaye maziwa yamekauka anaweza kuyarudisha kwa siku kadhaa hadi wiki chache. Wako pia wanawake wasiozaa mtoto huyo, hata nyanya, waliofaulu kunyonyesha kwa njia hii. Lakini kila anayenyonyesha apimwe virusi kwanza.

Na chakula? Kula ugali na maharagwe, sukumawiki, saga, kunde, yai ukipata. Kunywa kila unaposikia kiu. Uji wa wimbi, supu na chai ya maziwa ni vizuri kwako, vinakupa nguvu na kukutuliza. Lakini sikiliza: uji hautengenezi maziwa. Kinywa cha mtoto ndicho kinachotengeneza. Busaa nayo tuiweke kando, pombe huzuia maziwa kuteremka. Usinunue tembe za kuongeza maziwa bila daktari. Ukienda kupanga uzazi, sema kwamba unanyonyesha, kwa maana tembe zenye estrojeni zaweza kupunguza maziwa.

Ukienda shambani au sokoni na huwezi kumbeba mtoto, mnyonyeshe kabla ya kutoka, kamua maziwa katika kikombe kilichochemshwa na kufunikwa, yakae mahali pa baridi, ayanywe ndani ya saa nne. Ukirudi, titi kwanza, ugali baadaye.

Tatu, wako mama wachache ambao maziwa yao ni machache kweli, kwa mfano kwa sababu kipande cha kondo kilibaki, au damu nyingi ilitoka wakati wa kujifungua, au titi lilifanyiwa upasuaji. Mama huyo hajashindwa. Anahitaji daktari, na huenda mtoto wake akahitaji maziwa mengine kwa vipimo sahihi na kikombe kisafi. Na usingoje nyumbani mtoto akiwa halegezi usingizi, hawezi kunyonya, ana homa, amekauka mdomo, au hajakojoa tangu asubuhi. Kimbia kituo cha afya.

Neno kwa kukhu, kogo na baba

Kumbukeni jaribio la mwaka 1948. Mama aliyesumbuliwa alitoa machache. Mnapomwambia mama mchanga, "Wewe huna maziwa," mnayafunga kwa maneno. Mchoteeni maji, mpikieni, mshikieni wakubwa, mwacheni akae na mtoto wake. Hiyo ndiyo dawa ya maziwa inayoweza kutoka kwa mtu mwingine.

Na wewe mama, siku utakaposikia sentensi ile ikikujia kichwani, kumbuka ilikotoka. Ilipita Ulaya, Katanga, Kampala na Nairobi kabla ya kufika mlangoni pako. Kabla ya kuikubali, muweke mtoto titini mara moja zaidi, kisha mpeleke akapimwe.